Mwenye Jino na Harusi ya Jumamosi

Mhusika wa habari hii ni mshereheshaji wa harusi, mkazi wa Mbagala, ambaye kwa kumsitiri mbele ya kamati zinazompa kazi tutamwita Mwenye Jino. Mwandishi anamfahamu vizuri. Wanatumia mswaki mmoja.

Jino lenyewe lilikuwa gego la chini upande wa kulia, la kwanza katika yale magego makubwa. Lilitoboka zamani, na kwa miaka miwili Mwenye Jino aliishi nalo kama mwenye nyumba aishivyo na mpangaji asiyelipa kodi: anajua siku ya kumtoa ipo, ila si mwezi huu. Akahamia kutafuna kushoto. Akaacha maji ya friji. Akaacha karanga, kisha bisi, kisha muwa, na kila alichokiacha alidai hajawahi kukipenda.

Jumatatu usiku gego likaamka. Mchana jino bovu huweza kustahimilika. Mtu akilala, damu huzidi kujaa kichwani, na kile chumba kidogo ndani ya jino, chenye mshipa uliovimba na usio na pa kutanukia, huanza kupiga ngoma kwa kufuata mapigo ya moyo. Saa nane za usiku Mwenye Jino alikuwa amekaa kitako kitandani, shavu mkononi. Panadol mbili hazikumfaa. Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuna pakiti ya dawa iliyowahi kumwagiza mtu: alivunja aspirini akaipachika kwenye fizi kando ya jino, kama anayeziba bati linalovuja kwa kipande cha sabuni. Aspirini ni asidi. Hutuliza maumivu ikishamezwa na kuingia kwenye damu. Ikikaa kwenye fizi huiunguza tu. Kulipokucha alikuwa na maumivu mawili, ya jino na ya fizi iliyobabuka ikawa nyeupe kama kidole kilichoshinda kwenye maji ya kufulia. Tena dawa hiyo hiyo huchelewesha damu kuganda, habari ambayo mtu anayeelekea kung'olewa jino angependa kuipata mapema.

Mkewe akampigia simu mama yake, Wete, kisiwani Pemba. Bi Mkubwa hakuuliza mengi.

"Mwambie mwenzio atie karafuu. Si nilikupeni mfuko mzima Idi iliyopita?"

Mfuko ulikuwapo, juu ya kabati, nyuma ya birika. Mwenye Jino, mtu wa mjini, alisema kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi kwamba karafuu ni ya pilau.

Shavu lililovimba halifichiki Mbagala. Jumanne jioni jirani wa ukuta wa pili alileta mzizi wa mtula, ule mti wa ndulele, ili autafune. Ni dawa ya kale ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki huitumia kwa meno mpaka leo, na uchungu wake peke yake humsahaulisha mtu jino kwa muda. Mangi wa duka la kona yeye alitamka kwamba ni mdudu. "Hilo limeingia mdudu, kaka," alisema huku akiwahesabia watoto wawili pipi. Mangi hayuko peke yake. Wababeli waliandika habari za mdudu wa jino kwenye vibao vya udongo, na Ulaya iliendelea kumsaka hadi Mfaransa Pierre Fauchard alipotoa kitabu chake cha utabibu wa meno mwaka 1728 na kueleza kwamba amemtafuta asimwone. Kinachotoboa ni asidi, nayo hutengenezwa na bakteria wa kinywani kila wanapopata sukari. Kwa hiyo mdudu yupo, kwa namna yake, na chakula chake kinauzwa dukani kwa Mangi.

Lakini aliyeharibu kila kitu ni kinyozi. Kwa karne nyingi vinyozi wa Ulaya ndio waliokuwa waking'oa watu meno, na labda kitu fulani cha enzi hizo kimebaki kwenye fani, kwa maana kinyozi wa Mwenye Jino alizungumza kwa uhakika kuliko wote. "Unang'oa kesho? Basi kuanzia sasa usile kitu. Hata maji. Operesheni ni operesheni."

Ilikuwa Jumatano, saa sita mchana. Alhamisi ni miadi ya daktari. Jumamosi ni harusi, ukumbi wa Temeke, watu mia tatu, na Mwenye Jino ndiye mshika kipaza sauti. Alikuwa amepiga hesabu yake: Alhamisi kung'oa, Ijumaa kupumzika, Jumamosi kazini. Hesabu imenyooka kama reli.

Maandalizi aliyafanya kwa moyo wote. Alilipa deni la fundi viatu. Alimwomba radhi shemeji yake kwa ugomvi wa mwaka juzi ambao shemeji alikuwa ameshausahau, na kwa kukumbushwa akakasirika upya. Usiku, kwa sauti ya wosia, alimtajia mkewe namba ya siri ya akaunti yake ya simu, na mkewe akaiandika kwa haraka isiyolingana na huzuni ya tukio. Unga wa uji hakununua. Barafu hakununua. Hakujiuliza Ijumaa atakula nini. Alijiandaa kwa koleo tu, kana kwamba baada ya koleo hakuna kitu kingine.

Kwenye benchi la kliniki alipakana na mzee wa Kijaluo kutoka Rorya aliyemsindikiza mjukuu wake.

"La ngapi hilo?" mzee aliuliza.

"La kwanza, mzee wangu."

Mzee akacheka, akashika kidevu chake. "Babu yangu walimtoa sita. Ya chini, mbele hapa. Siku moja. Sindano hakuna."

Hakuwa anatia chumvi. Zamani Wajaluo waliwang'oa vijana meno sita ya mbele ya chini kuwa alama ya kuingia utu uzima. Wamasai nao walitoa mawili ya katikati, na maelezo yanayosikika sana ni kwamba pengo lile lilikuwa mlango wa kumpitishia mgonjwa uji pepopunda ikimkaza taya. "Na ukilia," mzee aliongeza, "aibu ni ya ukoo mzima." Mwenye Jino akamchekea jino pembe, kwa upande wa kushoto.

Saa tano alipoitwa, aliinuka, na ukuta ukainuka naye. Nesi alimdaka kwapani.

"Umekula nini leo, baba?"

"Sijala. Nimefunga tangu jana mchana, kama inavyotakiwa."

"Imetakiwa na nani?"

Kumtaja kinyozi kulimshinda. Kufunga ni kwa mtu anayepewa nusukaputi, alale fofofo, kwa sababu chakula chaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia mapafuni. Anayechomwa ganzi ya mahali pamoja anatakiwa ale kabla. Njaa, hofu na sindano vikikutana, mtu huenda chini. Akatumwa kwa mama ntilie nje ya geti. Alirudi na chapati mbili na maharage tumboni, na mengine zaidi ya tumboni, kwa kuwa daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya pole, alipomwambia afungue mdomo alinyamaza kidogo.

"Kasukutue kwanza, baba."

Chumba kilikuwa na harufu aliyoijua, ila hakukumbuka aliijulia wapi.

Sasa sindano. Anayeiogopa hana budi kuambiwa habari za Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford, Marekani, ambaye Desemba 1844 alivuta gesi ya kuchekesha akang'olewa jino lake mwenyewe bila maumivu. Mwezi uliofuata akaenda Boston kuwaonyesha mabingwa. Mgonjwa wake akapiga ukelele katikati ya kazi, ukumbi ukamzomea. Lidokeini, ganzi iliyoenea sana leo, ilikuja baadaye sana. Aliyeitengeneza ni Msweden Nils Löfgren, mwaka 1943. Kabla ya mambo hayo tegemeo lilikuwa pombe, kasumba, na wanaume wanne wa kukushika.

Daktari alichoma nyuma kabisa ya taya, pole pole. Mdomo wa chini ukaanza kuaga. Kisha, ghafla, moyo ukaenda mbio. Ganzi ya meno huchanganywa na adrenalini kidogo ili mishipa ya damu ibane na dawa ikae mahali pake. Tone likipotea njia likaingia kwenye damu, moyo hukimbia kwa dakika moja mbili, halafu hutulia. Mwenye Jino hakulijua hilo. Yeye alijua anakufa, na akaona ni vema aache neno.

"Dokta, nwangwie nke wangu..."

"Usizungumze, baba. Inapita."

Ikapita.

Alichokingojea ni kuvutwa. Alikuwa ameng'ang'ania mikono ya kiti kama abiria wa bodaboda kwenye tope. Daktari hakuvuta. Alichomeka chuma chembamba kati ya jino na mfupa, akalibembeleza. Kisha akalishika kwa koleo na kulisukuma nje, ndani, nje, ndani, bila haraka. Mtu aliyekulia Mkuranga anaijua kazi hiyo. Mhogo ulioota kwenye ardhi ngumu hauvutwi; hutikiswa mpaka udongo uachie, na anayevuta kwa hasira hubaki na shina mkononi na mhogo wake ardhini. Mfupa wa taya nao hutanuka kidogo kidogo hivyo hivyo. Mwenye Jino alisikia msukumo. Alisikia kitu kikikwanyuka ndani kabisa, karibu na sikio. Maumivu hakuyasikia. Dakika kumi hazijatimia, gego lilikuwa kwenye bakuli la chuma, mizizi miwili, na udogo wake ulimvunjia heshima. Kwa kelele zote zile, yeye alitazamia kitu cha ukubwa wa kiazi.

Akapewa pamba aing'ate kwa dakika 30, akapewa jino lake ndani ya kikaratasi, akapewa na karatasi nyingine yenye maelekezo. Hiyo ya maelekezo aliikunja akaitia mfuko wa suruali. Alijiona mzima. Ganzi humdanganya mtu hivyo.

Ndani ya daladala simu ikalia. Mwenyekiti wa kamati ya harusi.

"MC, habari za saa hizi? Kaka, bajeti imebana. Tunaomba ile laki tatu iwe laki mbili na nusu. Sawa?"

Kwa Kiswahili, "mm" ni ndiyo na "mm-mm" ni hapana. Kinachotenganisha ni pumzi ndogo tu katikati, na mwenye pamba mdomoni pumzi hiyo hana.

"Mm-mm!"

"Ubarikiwe sana. Na usafiri utajitegemea, siyo?"

"Mm-mm! Mm-mm!"

"Nilijua wewe ni muungwana," mwenyekiti alisema, akakata.

Ganzi ya taya la chini huchukua saa mbili, tatu, hata nne kuisha. Muda wote huo Mwenye Jino alikunywa uji wa vuguvugu kwa kutumia zaidi shati. Alipotema mate akaona damu, akaanza kuitema kwenye kikombe ili aipime, na kikombe kilipofika nusu akakipeleka kwa mkewe kama ushahidi. Mkewe alikitazama. Karibu chote kilikuwa mate. Damu kidogo hupaka rangi mate mengi. "Ukiacha kutema itakoma," alisema, na hapo, bila kusoma karatasi yoyote, alikuwa amesema lililo kubwa kuliko yote.

Maana siri ya jino lililong'olewa ni donge. Tundu hujaa damu, damu huganda, na donge hilo hulala juu ya mfupa na ncha za mishipa kama kifuniko cha chungu, nyama mpya ikijengeka chini yake. Kazi ya mgonjwa ni kulilinda. Asiteme kwa nguvu. Asisukutue kabla ya saa 24 kupita. Asivute sigara, asinyonye kitu kwa mrija wala kwa midomo, kwa sababu mvuto unaonyanyua soda chupani hulinyanyua na donge. Haya yote yalikuwamo kwenye ile karatasi, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya suruali, na suruali ilikuwa ndani ya beseni la sabuni.

Binti yake wa miaka sita alitumwa dukani akalete barafu ya kukandia shavu. Kwa Mangi kulikuwa na barafu za ukwaju tu. Mwenye Jino aliiweka moja shavuni, ikapoza vizuri; ikaanza kuyeyuka, ukwaju ukamtiririkia mkononi, na ukwaju si kitu cha kuachwa upotee. Akaing'ata kona, akanyonya. Akanyonya tatu. Jioni ile ile akakumbuka kwamba maji ya chumvi ni mazuri kwa kidonda, jambo ambalo ni kweli, nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya vuguvugu, ila kuanzia kesho yake na kwa upole. Yeye alisukutua kama anayesafisha pipa la dizeli.

Ijumaa alitembea mtaani akiwaambia watu kung'oa jino si lolote.

Uvimbe hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo ulifika Jumamosi, saa moja jioni, pamoja na wageni. Shavu la kulia lilimtangulia Mwenye Jino kuingia ukumbini. Taya lilikuwa limekaza, linafunguka vidole viwili tu. Akashika kipaza sauti, na hapo ndipo alipogundua kitu ambacho miaka kumi na moja ya kazi haikuwahi kumwonyesha: maneno "mabibi na mabwana" hukutanisha midomo mara tano. Mara tano fizi ilivutwa. Kuanzia hapo ukumbi mzima ukaitwa "ndugu zangu". Shangazi wa bibi harusi aliuliza meza ya jirani ni nani aliyempiga MC, na meza ya jirani, kwa kuwa haikuwa na jibu, ikatengeneza moja lenye mwanamke ndani yake. Mpiga picha alimpiga kutoka kushoto usiku kucha. Mkewe alikuwepo pia, amependeza kwa kitenge kipya ambacho Mwenye Jino hakukumbuka kukinunua. Alikumbuka tu namba ya siri.

Kisha pilau ikapita, sinia baada ya sinia, moshi ukipanda, na Mwenye Jino akaacha sentensi katikati. Ile harufu ya chumba cha daktari. Ilikuwa hii.

Jumapili usiku maumivu yalirudi, na yalikuja na ndugu zao. Yalipanda mpaka sikioni, yakashuka shingoni, na mdomoni kukawa na ladha mbaya. Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye benchi, safari hii ameshiba. Daktari alichungulia mara moja.

"Tundu kavu hili. Donge limetoka, mfupa uko wazi. Ulinyonya kitu?"

"Hapana, dokta."

Daktari akangoja.

"Labda barafu."

"Moja?"

Akaonyesha vidole vitatu.

Akamsafisha tundu, akalijaza dawa ya rangi ya kahawia kwa kibanio, na kabla hajamaliza kuvua glavu, maumivu yaliyomkesheza usiku mzima yalianza kurudi nyuma kama maji kupwa. Mwenye Jino alivuta pumzi kwa pua. Pilau.

"Dokta, hii ni dawa gani?"

"Yujenoli. Mafuta ya karafuu."

Ndivyo ilivyo, na si kwa tundu kavu tu. Madaktari wa meno huchanganya mafuta hayo na unga wa oksidi ya zinki kupata dawa ya kuzibia jino kwa muda, na ndiyo maana vyumba vyao vingi vina harufu ya jikoni siku ya sikukuu. Karafuu haitibu jino lililooza wala haizibi tundu. Hutia ganzi na kupoza, basi. Lakini hicho ndicho Mwenye Jino alichokihitaji Jumatatu iliyopita saa nane za usiku, alipokuwa akivunja aspirini umbali wa hatua nne kutoka kwenye mfuko uliotoka Pemba, kisiwa kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu zote za Zanzibar.

Jioni Bi Mkubwa alipiga mwenyewe.

"Pole, mwanangu. Wamekutia nini?"

"Dawa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Dawa gani?"

"Ya hospitali."

Mkewe akainyakua simu. "Karafuu, mama! Wamemtia karafuu!" Kicheko kilichotoka Wete kilisikika bila spika.

Limebaki pengo. Ulimi wake haukosi kulitembelea, asubuhi na jioni, kama mgeni asiyejua kwamba wenye nyumba wamehama. Watu hawalitendei haki pengo. Mwanya, ule wa kati ya meno mawili ya mbele, husifiwa na kuimbwa. Ni uwazi ule ule, ila mwanya Mungu hukupa bure na pengo unalilipia. Alipotaja mbele ya mkewe habari za kutia jino la bandia, alijibiwa kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, na kwamba kitenge kimeshamaliza hela.

Wiki hiyo hiyo binti yake aling'oka jino la mbele la chini, bila ganzi, bila wosia, akila embe. Akadai watupe yote mawili juu ya paa, lake na la baba, kama bibi wa Pemba alivyomfundisha. Wakasimama uani. La mtoto lilitua kwenye bati bila kelele. La baba liligonga, likabingirika mpaka ukingoni, likarudi chini miguuni pake. Walilirusha mara tatu.

"Baba, lako litaota lini?"

"La kwangu halioti tena, mama."

Alimwambia afungue mdomo, akawasha tochi ya simu. Mbele, palipotoka jino, fizi ilikuwa tupu. Nyuma kabisa, kulia, chini, ambapo hapakuwa na jino mwezi uliopita, kona nyeupe ilikuwa imetoboa fizi. Gego la kwanza huota karibu na miaka sita, nyuma ya meno yote ya utoto, bila kulisukuma jino lolote, na wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, litang'oka lenyewe. Ni lile lile. La kwake mwenyewe lilikuja alipokuwa na umri kama huo, na sasa lilikuwa juu ya bati.

Akapeleka kidole aliguse, ahakikishe. Mtoto akamng'ata.